Mstari Mwekundu Kwenye Nati

Uvumilivu wangu uliisha Jumatatu saa tatu asubuhi, siku niliyorudi kazini kutoka likizo ya uzazi. Sweta nilikuwa bado sijavua. Baraka, mwanangu wa pili, alikuwa mgongoni, nami nilikuwa natafuta spana yangu namba kumi na nane ambayo mtu alikuwa ameifanya nyundo. Kirikuu cha mizigo kikasimama mlangoni pa karakana. Akashuka Mama Skola, mkono wa kulia umefungwa shingoni kwa kitambaa, na nyuma yake dereva akashusha baiskeli ya umeme ambayo gurudumu la mbele lilikuwa limewekwa juu ya keria kama mzigo.

"Kamwene, Mama Skola," nikamsalimu kwa Kibena. Nilifurahi kumwona kabla sijaona mkono.

Akanipita. Akamtazama Meneja wetu. "Nimekuja kumwona aliyeipima hii baiskeli."

Meneja akafungua daftari la majaribio, akaweka kidole. "Aliyeipima huyo hapo. Mama Upendo. Sahihi yake hii."

Mama Skola akanigeukia. "Mimi sikuangalia rangi, sikuangalia bei. Niliuliza nani kaipima, wakaniambia ni wewe. Nikapanda."

Nikalisogelea daftari. Kweli, jina langu. Sahihi iliyofanana na yangu kama jirani anavyofanana na ndugu. Na tarehe yake ilikuwa ile siku ambayo mimi nilikuwa wodi ya wazazi nimeng'ang'ania chuma cha kitanda.

"Meneja, siku hii nilikuwa najifungua."

Akashusha sauti. "Mama Upendo, huo ni utaratibu wa daftari tu. Tusigombane mbele ya mteja."

Utaratibu wa daftari! Mama mzima kavunjika mfupa wa bega, maziwa ya watu yamemwagika kwenye mteremko, halafu ni utaratibu wa daftari. Nilivua ufunguo wa stoo shingoni nikauweka juu ya daftari. Nikamwambia Meneja maneno mengine ambayo sitayaandika kwa sababu mwanangu Upendo ameanza kujua kusoma.

Ndivyo nilivyostaafu, nikiwa na miaka ishirini na saba na meno yote kinywani. Fadhili, ulicheka uliposikia nimeliita hilo kustaafu. Cheka. Miaka minane ya kufunga mota kwenye baiskeli si mchezo, na nawaandikia nyie mafundi mnaobaki karakana, wewe Fadhili na wewe Devota, ili mjue kazi hii ilivyokuwa kabla ya utaratibu wa daftari. Vyeo sitaandika, nilikuwa nacho kimoja. Mshahara hauwezi kujaza mstari.

Nilianza nikiwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo ya kunitosha kubaki nyumbani. Kwetu ni Makambako, nyuma ya gereji za malori. Fundi Mligo, ambaye ndiye aliyeanzisha karakana hii ya Njombe, alikuwa anakuja kwetu Makambako kutafuta springi za malori zilizokatika. Siku moja akanikuta nabishana na muuza chuma chakavu aliyetaka kumpa springi yenye ufa. Mimi niliuona ufa, yeye hakuuona, macho yalikuwa yameanza kuchoka.

"Wewe binti unajua chuma?"

"Sijui chuma. Najua huyu mzee ni mwongo."

"Basi njoo Njombe. Chuma nitakufundisha."

Siku ya kwanza nilidhani nitashika mota. Alinipa msumeno wa chuma na kipande cha springi, nikakata kuanzia asubuhi mpaka saa kumi. Viganja vilipasuka. Nilichokuwa nakata ni kile tunachokiita kishikio, na nitakieleza kwa sababu habari yote hii inaning'inia hapo.

Mota ya gurudumu ikisukuma tairi kwenda mbele, ekseli yake inataka kuzunguka kurudi nyuma. Kinachoizuia ni nati mbili na mdomo wa foku, yaani ule uma unaoshika gurudumu, ambamo ekseli imekaa. Foku ikiwa ya chuma kizito, inavumilia kwa muda. Ikiwa ya aluminiamu, ekseli inautafuna mdomo kidogo kidogo, kila ukivuta akseleta na kuachia. Nati inalegea. Siku moja unashuka mlima, unabana breki, gurudumu linatoka na wewe unaendelea bila gurudumu. Kishikio ni kipande cha chuma chenye tundu linalobana ekseli, mkia wake umefungwa kwenye mguu wa foku, ili ekseli isipate pa kuzungukia. Fundi alikata vyake kwenye springi za lori kwa sababu springi haipindi. Kilikuwa kipande kibaya, cheusi, kisicho na urembo. Wateja walikuwa wanauliza kama tunaweza kukiondoa kwa sababu kinaharibu mwonekano.

Maana mteja wa baiskeli ya umeme swali lake la kwanza ni rangi. La pili ni kasi. Nyie msijibu hayo. Ulizeni nyie kwanza: unabeba nini, unapita wapi, mvua ikinyesha barabara yako inakuwaje, na umeme wa kuchajia uko wapi. Mtu wa mjini anayekwenda ofisini na mkoba, mpe chochote. Mtu wa Kifanya anayebeba viazi kwenye njia ya malori ya mbao, usimpe baiskeli nyembamba ya kung'aa hata akilia. Mwambie alete ile ya chuma ya mizigo aliyonayo nyumbani. Hapo ndipo unafuu ulipo. Fremu tayari anayo, keria anayo, anachohitaji ni mota, kontrola ya kugawa umeme, betri na breki za kweli. Mota ya nyuma inapanda mlima vizuri zaidi kwa sababu mzigo unaikandamiza. Ya mbele ni rahisi kufunga na inafaa kwa mwenye uwezo mdogo, lakini kwa foku ya chuma na kishikio pande zote mbili. Pa kubana matumizi ni kwenye mwonekano, taa za urembo, kioo cha kuonyesha kasi. Kwenye breki na betri, hapana. Na betri iliyofungwa kwa gundi ya karatasi huku mwenyewe anaapa ni mpya, muulize mbona inanuka moshi.

Mama Skola ndiye mteja wangu wa kwanza. Nilikuwa na mwaka mmoja tu kazini. Anatoka njia ya Uwemba, anakusanya maziwa ya majirani na kuyaleta mjini kila asubuhi, madumu mawili. Alikuja akisukuma baiskeli ya marehemu mumewe, ya chuma, nzito kama mlango wa kanisa.

"Naambiwa mnaweza kuitia nguvu hii."

Fundi akaizunguka. "Hii? Hii ikitiwa nguvu itabeba na ng'ombe mwenyewe."

"Ng'ombe abaki. Magoti yangu ndiyo yamechoka."

Tulimfungia mota ya nyuma. Fundi akanipa spana na kuniambia hii ni yako, mimi naangalia. Nilimaliza siku ya tatu nikaenda kuipima. Kupima kwetu mnakujua, lakini naona mmeanza kukusahau, kwa hiyo nitaandika. Magunia mawili madogo ya viazi kwenye keria. Kilima cha nyuma ya kanisa. Unaanza chini kabisa kwa akseleta yote, katikati unasimama kabisa, unaanza tena na mzigo ukiwa unakuvuta nyuma. Huko ndiko mota inakoonyesha uongo wake. Juu unageuza, unashuka ukibana breki mara tano. Chini unaigeuza miguu juu na kukagua kila nati. Ndipo unaandika kwenye daftari: mzigo, hali ya hewa, breki zilivyoshika, na sahihi. Ya Mama Skola niliandika, "Viazi magunia mawili, mvua, tope, breki ya nyuma ililia ikanyamaza." Viazi vyenyewe tulivila wiki nzima, maana vilikuwa vimeshapondeka.

Ile baiskeli ilimtumikia miaka sita. Niwaambie jambo jingine, alikuwa anaibeba betri yake mgongoni kwa kitenge kwenda kuichaji kwenye nyumba ya dada yake, kwa sababu kwake umeme ulikuwa haujafika. Watu walimwuliza mtoto anaitwaje. Anajibu, "Anaitwa Maziwa ya Kesho."

Betri za huku zina shida zake ambazo karatasi za maelekezo hazizijui, zimeandikwa na watu wasiojua Njombe mwezi wa sita. Asubuhi ile ya baridi ambayo majani ya viazi yanaungua kwa barafu, betri iliyolala nje usiichaji. Unaiua. Tulimweleza hivyo baba mmoja kutoka Ludewa, akaelewa sana, akaenda kuiweka karibu na mafiga ipate joto. Alirudi nayo ikiwa imefanana na ukoko wa ugali. Fundi akaishika kwa koleo.

"Baba, betri si hindi la kuchoma. Ilaze ndani unapolala wewe. Ukisikia baridi, na yenyewe inasikia."

"Mke wangu hataki ilale ndani."

"Basi zungumzeni. Mimi ni fundi baiskeli."

Nyaya nazo, zishusheni kidogo chini kabla hazijaingia kwenye kontrola, ili maji ya mvua yadondokee kwenye ule mkunjo yasifuate waya mpaka ndani. Boksi la kontrola toboeni chini, kamwe msitoboe juu. Niliona fundi mmoja katoboa juu ili, eti, lipate hewa. Lilipata bwawa.

Mstari mwekundu ni wangu. Nautaja kwa sababu siku hizi mnauona kama ulizaliwa na karakana. Tatizo lilikuwa kwamba nati ikilegea kidogo huioni kwa macho, na Fundi alikuwa anakagua kila moja kwa spana, kazi inachukua nusu saa. Siku moja Jumamosi nilikuwa nimepaka kucha kwa ajili ya harusi ya binamu yangu, chupa iko mfukoni. Nikachora mstari mmoja mwembamba kuanzia juu ya nati, ukapita kwenye kishikio, ukaishia kwenye foku. Nikapanda kilima, nikashuka. Nati ikisogea hata kidogo, mstari unakatika vipande viwili na unaonekana kutoka mbali.

Fundi akauchungulia akiwa amevaa miwani miwili. "Hii ni nini?"

"Rangi ya kucha."

"Nyekundu tu ndiyo mnayo?"

"Hata zambarau ipo."

"Nyekundu inatosha." Kuanzia siku hiyo hakuna baiskeli niliyoipima iliyotoka bila mstari, na za zamani nilizichora zilipokuja matengenezo. Mteja tunamwambia: mstari ukikatika, shuka, sukuma, njoo.

Fundi aliondoka miaka miwili iliyopita, macho na magoti kwa pamoja. Amerudi kwao Kifanya kupanda miti. Karakana akamwuzia huyu Meneja, kijana anayejua kuongea na kompyuta. Sitasema kila kitu chake ni kibaya. Alileta mashine ya kuchomelea nzuri na choo cha maana, jambo ambalo Fundi hakuliona umuhimu wake miaka yote. Lakini akaleta pia zile baiskeli nyembamba za aluminiamu, mota mbele, rangi tatu. Nilimwambia hizi zinahitaji kishikio kuliko zote. Akasema wateja hawavipendi na vinachelewesha kazi. Tukabishana. Nilivifunga hivyo hivyo, kila moja, mpaka tumbo lilipofika miezi minane nikashindwa kuinama. Nikaondoka Februari. Nilimkabidhi vishikio kumi na viwili kwenye kopo, nimevikata kwa mkono wangu nikiwa na mimba.

Jumatatu ile nilipofungua stoo kutafuta spana, kopo lilikuwa pale pale. Vishikio kumi na viwili. Nilivihesabu mara mbili.

Kwa hiyo kabla sijaweka ufunguo juu ya daftari nilifanya mambo mawili. Niliinama kwenye foku ya Mama Skola. Mdomo wa aluminiamu umetafunwa ukawa wa duara, kishikio hakuna, mstari mwekundu hakuna. Nikamwonyesha.

"Mama, ile ya kwanza ilikuwa na mstari hapa?"

Akafikiri. "Ulikuwepo. Mjukuu wangu alikuwa anaukwangua nikamchapa."

"Hii haikupita mikononi mwangu."

Akapitisha kidole cha mkono mzima kwenye ule mdomo uliotafunwa. "Lakini jina lako ndilo lililoniweka juu yake," akasema. Hakusema kwa ubaya. Afadhali angenitukana.

Jambo la pili, niliupiga picha kila ukurasa wa Februari hadi Aprili. Baiskeli saba zenye sahihi yangu, zote nyembamba, na zote zimeandikwa maneno mawili: "Jua. Sawa." Njombe, kuanzia Februari hadi Aprili, jua! Tope lilikuwa mpaka kwenye kizingiti cha mlango, na yule aliyeandika alikuwa ameketi ndani akisikia mvua inapiga bati. Saba, na moja imeshamwangusha mtu. Sita ziko barabarani, moja ya mwalimu anayepandisha na kushusha milima ya Ludewa kila wiki.

Nilimwomba Meneja azirudishe. Nilijitolea kufunga vishikio bure, kwa springi zangu. Akaniambia, "Ukiwaita wote kwa pamoja watajua kuna tatizo." Nikamwambia ndiyo maana ya kuwaita. Akasema nina hasira za uzazi. Devota, ulikuwepo, ulisikia. Nasema hivi kwa maandishi: hasira zangu hazikutoka tumboni, zilitoka kwenye daftari.

Jumanne nilikwenda Kifanya. Fundi alikuwa anapasua kuni, akanisikiliza bila kuacha shoka. Nililia kidogo, naikiri hiyo.

"Umekuja kulia au umekuja kuandika?"

"Fundi, nikilalamika, jina lililoandikwa ni langu. Watanishika mimi kwanza."

"Wanaweza."

"Nina mtoto wa miezi mitatu."

"Na huyo mwalimu wa Ludewa ana wangapi?"

Akaweka shoka chini, akaingia ndani, akatoka na daftari la kwanza la karakana, lenye sahihi zangu za mwanzo, zile za msichana anayejipenda, mkia mrefu. "Chukua. Walinganishe." Kisha akasema, akiangalia pembeni, "Nilimwuzia karakana, sikumwuzia kilima. Ningemwandikisha hilo kwenye mkataba." Hilo ndilo la karibu na kuomba radhi nililowahi kulisikia kutoka kwake.

Namba za wanunuzi hao nilikuwa nazo tatu kwenye simu, za wale waliokuwa wateja wangu wa zamani. Wawili walileta baiskeli zao nyumbani kwangu Jumatano, nikazifunga vishikio uani, Upendo akishika chupa ya rangi. Nati za mmoja zilikuwa zinazunguka kwa vidole. Mwalimu wa Ludewa hakupokea. Nilimtumia ujumbe: usipande, sukuma. Mpaka naandika haya hajajibu. Waliobaki siwajui, namba zao ziko kwenye kabati la Meneja, na kabati lina kufuli.

Alhamisi nilikwenda ofisi ya biashara ya halmashauri na nakala mbili za malalamiko, Baraka mgongoni. Ofisa alikuwa mama wa makamo. Alisoma ukurasa wa kwanza, akarudia, akavua miwani.

"Mdogo wangu, hapa unamlalamikia mwenye karakana au unajilalamikia mwenyewe?"

"Andika vyovyote, ilimradi baiskeli zirudi."

"Unajua tukianza kuchunguza tutaanza na sahihi?"

"Ndiyo ninachotaka."

Akachukua mhuri. Hiki ndicho nilichokiwasilisha, neno kwa neno, ili mtu asije kuwaambia nyie kwamba niliandika kingine.

YAH: BAISKELI SABA ZA UMEME ZENYE SAHIHI YANGU AMBAZO SIKUZIPIMA

Mimi nilikuwa mpimaji wa baiskeli za umeme katika karakana iliyotajwa kwenye kiambatisho, kwa miaka minane hadi Jumatatu ya wiki hii. Nalalamika kwamba kati ya Februari na Aprili, nikiwa likizo ya uzazi, baiskeli saba ziliuzwa kwa sahihi yangu bila kupimwa na bila chuma cha kuzuia ekseli. Moja imemvunja mama bega. Mbili nimezirekebisha mwenyewe. Nne bado zinatembea, na mojawapo iko Ludewa.

Naomba mwenye karakana aamriwe kutoa namba za simu za wanunuzi leo, siyo wiki ijayo. Naomba watu hao waambiwe kwamba, kama kwenye nati ya gurudumu la mbele hakuna mstari mwekundu, wasipande. Naomba gharama za matibabu za aliyeumia zisiachwe mikononi mwake.

Kuhusu mimi, sina ombi. Kama sahihi hizo zitaonekana ni zangu, nishtakiwe. Nimeambatisha daftari la kwanza la karakana kwa ajili ya kulinganisha, pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mwanangu chenye tarehe.

Nakala hizi ni mbili. Mkishazigonga mhuri nitazilaza pamoja, ukingo kwa ukingo, na kupitisha mstari mmoja wa rangi ya kucha kutoka kwenye sahihi yangu ya nakala moja hadi kwenye mhuri wenu wa nakala ya pili. Nusu inabaki kwenye yenu, nusu ninaondoka nayo. Siku mtakayoniita nitakuja na nusu yangu. Ziwekeni pamoja. Mstari usipoungana, mtajua kuna mtu amegusa, na mtajua kwamba si mimi.